Samaki anaumwa, au maji ndiyo yanayoumwa?

Saa nne usiku picha iliingia kwenye simu yangu: samaki wa dhahabu kajibanza kwenye kona ya tangi, mapezi kayakunja kama mwavuli uliofungwa, mdomo kautoa juu ya maji. Chini ya picha jirani yangu wa ghorofa ya pili aliandika: "Huyu ni wa tatu tangu asubuhi. Niwape dawa gani?" Picha hiyohiyo alikuwa ameshaituma kwenye kundi la WhatsApp la wafugaji wa samaki wa mapambo, na kabla sijapata kandambili zangu nishuke, majibu yalikuwa yamefika matano. Chumvi. Kapsuli za rangi mbili, uzifungue umwage unga majini. Dawa ya bluu. Hiyo ni fangasi. Na yule asiyekosekana kwenye kundi lolote: samaki wa dukani ndivyo walivyo, hufa tu.

Hakuna aliyemuuliza tangi lina muda gani tangu litiwe maji. Lilikuwa na siku kumi na moja.

Mkanganyiko wa namna hii nauona karibu kila wiki, na chanzo chake ni neno lenyewe. Tunasema "ugonjwa" tukimaanisha mambo mawili yasiyofanana. La kwanza ni maambukizi: kuna kiumbe kimemvamia samaki, kiwe kimelea, bakteria, kuvu (ndiyo hiyo fangasi) au virusi. La pili ni sumu au dhiki: hakuna kilichomvamia, ila maji anamoishi yanamuunguza, yanamnyima hewa, au yamepoa ghafla. Kwa nje dalili zinafanana, kwa sababu samaki hana njia nyingi za kulalamika. Hukunja mapezi, hususa chakula, hupumua mbiombio, hujisugua kwenye mawe, hupauka. Lakini tiba ni mbalimbali kabisa. Aliyeunguzwa na maji ukimtilia dawa, umemzidishia sumu.

Chumba chenye choo ndani

Taka kubwa ya samaki ni amonia, na nyingi huitoa kwa matamvua, yale mashavu mekundu anayopumulia. Ziwani inapotelea kwenye maji mengi. Kwenye tangi la lita hamsini haina pa kwenda. Fikiria umefungiwa chumba kimoja, jiko, kitanda na choo vyote humohumo, na dirisha halifunguki. Siku ya kwanza utavumilia.

Kinachookoa tangi ni bakteria wanaojijenga wenyewe kwenye sifongo ya kichujio, kwenye changarawe na kwenye vioo. Kundi la kwanza hula amonia na kutoa nitriti. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo na hupunguzwa kwa kubadili maji. Ni kama wazoa taka wa mtaa: hakuna anayewatazama mpaka wagome wiki moja. Sasa, kwenye tangi jipya wazoa taka hao hawajaajiriwa. Huchukua takribani wiki nne hadi sita kufikia idadi inayotosha, na katika kipindi hicho amonia hupanda kwanza, kisha nitriti. Jirani yangu alitia samaki wa dhahabu wanane siku ya pili, na hata tangi likishakomaa, samaki wanane wa aina hiyo kwenye lita hamsini ni daladala ya saa moja asubuhi.

Nitriti ina ujanja wake. Huingia kwenye damu kupitia matamvua na kuiharibu ile sehemu inayobeba oksijeni, damu ikageuka ya kahawia. Ndiyo maana utamwona samaki anahema juu ya maji huku pampu inatoa mapovu tele. Hewa ipo majini. Damu ndiyo iliyoshindwa kuibeba.

Hapo mtu hunijibu: mbona maji yangu ni maangavu, unaona mpaka ukuta wa nyuma? Chumvi ikishayeyuka kwenye glasi huioni pia. Amonia haina rangi, na kwa kiwango kinachoua samaki hata harufu hutaisikia. Itaonekana kwa kipimo tu, vile vichupa vya matone. Unachota maji kidogo, unadondosha matone, unasubiri dakika chache. Katika kipimo changu, maji yakibaki ya njano ni salama. Ya jirani usiku ule yaligeuka kijani cha kisamvu.

Nitaingiza kemia kidogo hapa, hasa kwa wanaofuga samaki wa Ziwa Tanganyika. Amonia hukaa majini katika sura mbili, moja kali na nyingine ya upole, na kinachoamua ipi izidi ni pH, kile kipimo cha uasidi wa maji: 7 ni katikati, juu yake uasidi umepungua. Kwenye maji ya nyuzi 25, pH ikiwa 7, ile kali haifiki hata asilimia 1. Pandisha pH hadi 8, inakuwa kama asilimia 5. Ikifika 9, inavuka theluthi nzima. Maji ya Tanganyika yana pH inayokaribia 9, na anayefuga Tropheus, wale jamaa wa mbali wa sato na perege wanaovuliwa Kigoma na kusafirishwa nje, hujitahidi kuyaiga. Kwa hiyo kiasi kilekile cha amonia ambacho samaki wa maji yenye pH 7 hawatakihisi, kwake ni msiba.

Wote, mmoja mmoja, au mmoja?

Kabla ya kufungua chupa yoyote ya dawa, mimi huuliza swali ambalo shangazi yeyote aliyelea watoto wengi angeliuliza. Wanaumwa wote kwa pamoja, mmoja baada ya mwingine, au ni mmoja tu?

Wakilegea wote ndani ya saa chache, usitafute mdudu. Tafuta kilichobadilika leo. Je, ulimwaga maji ya bomba moja kwa moja? Klorini inayoua vijidudu kwenye maji yetu ya kunywa huyaunguza matamvua. Ukiyaacha maji kwenye ndoo pana usiku kucha, bora zaidi yakipigwa mapovu, klorini ya kawaida huondoka. Ila kuna maji yanayotibiwa kwa kloramini, na hiyo haiondoki kwa kulazwa. Inahitaji dawa ya kuondoa klorini. Maji ya kisima hayana shida hiyo, lakini mara nyingi hutoka ardhini yakiwa na hewa kidogo, kwa hiyo nayo yapigwe mapovu kwanza.

Je, chumba kilipulizwa dawa ya mbu? Hili halisemwi vya kutosha. Sumu iliyomo kwenye dawa nyingi za kupuliza, na kwenye vyandarua vyenye dawa, ni ya jamii ya pairethroidi: kwa binadamu ina madhara kidogo, kwa samaki ni kali mno. Pampu ya hewa inavuta hewa ya chumbani na kuisukuma majini, kwa hiyo hata tangi lenye mfuniko halijapona. Niliwahi kuitwa kwenye saluni moja ambako samaki walikuwa wanaogelea kwa mizunguko kama walevi. Mwenyewe alikuwa ameandaa dawa tatu mezani. Kopo la dawa ya mende lilikuwa juu ya mfuniko wa tangi.

Na je, umeme ulikatika? Wengi huhofia hewa peke yake. Lakini ndani ya kichujio kilichofungwa, maji yakisimama saa kadhaa, wale bakteria wazoa taka wanakosa oksijeni na kuanza kufa. Umeme unarudi, kichujio kinawaka chenyewe na kutapika uozo wote tangini. Kwa hiyo umeme ukiwa umekatika kwa muda mrefu, chomoa kichujio, na kabla ya kukiwasha suuza sifongo yake. Isuuze kwenye ndoo ya maji uliyochota tangini, si bombani, usije ukawamaliza na waliobaki.

Wakiugua mmoja baada ya mwingine kwa muda wa siku kadhaa, hapo ndipo shaka ya maambukizi inapopata nguvu. Na akiwa mmoja tu, wengine wazima, mara nyingi ni uzee, tumbo, jeraha, au kuna mbabe humo ndani anayemwonea. Kaa kimya mbele ya tangi dakika kumi, taa za chumba zimezimwa, utamwona mbabe mwenyewe.

Kwa jirani hatukutia dawa. Tulibadili nusu ya maji usiku uleule kwa maji yaliyolazwa, yenye joto lilelile, tukarudia kesho yake, na chakula kikapunguzwa. Kati ya watano waliobaki alikufa mmoja tu.

Chawa mwenye watoto wengi

Kuna siku ugonjwa ni ugonjwa kweli, na unaojulikana kuliko yote ni wa madoa meupe: samaki anaonekana kama kanyunyiziwa chumvi ya mezani, anajisugua kila mahali. Mwenye madoa hayo anaitwa Ichthyophthirius multifiliis, jina alilopewa na Mfaransa Fouquet mwaka 1876, na maana yake ni "chawa wa samaki mwenye watoto wengi". Si chawa, ni kiumbe cha seli moja. Watoto wengi, hilo ni kweli tupu.

Huyu ndiye anayewapotosha watu kuliko wote, kwa hiyo tumfuate taratibu. Doa unaloliona ni kimelea kilichojichimbia chini ya ngozi, kinakula kikiwa kimefunikwa na ngozi ya samaki mwenyewe. Dawa uliyotia majini haikifikii. Kikishiba kinatoboa, kinadondoka chini, kinajifunika kwa utando, na humo kinagawanyika: wawili, wanne, wanane, mpaka mamia, hata elfu moja. Watoto hao hutoka wakiogelea kutafuta samaki, na wana takribani siku mbili tu kabla ya kufa njaa. Ni katika safari hiyo fupi dawa inapowapata. Ni mwizi ambaye nyumbani kwake huingii. Utamkamata akiwa barabarani.

Kwenye maji ya nyuzi 25 mzunguko mzima huchukua takribani wiki moja. Kwenye maji baridi hurefuka hadi wiki kadhaa. Sasa angalia kinachotokea. Siku ya pili ya dawa madoa bado yapo, mtu anasema "dawa feki", anaongeza nyingine juu yake. Au siku ya nne madoa yametoweka, anasema "amepona", anaacha. Hakupona. Wale waliokuwa kwenye ngozi wamedondoka kwenda kuzaa, na wiki ijayo samaki watakuwa weupe kama waliomwagiwa unga. Madoa hutoweka hivyo hata usipotia kitu chochote. Ndiyo maana aliyetia kitunguu saumu siku ya tatu huibuka mtaalamu siku ya tano.

Kwa hiyo tiba hurudiwa kama kibandiko kinavyoelekeza na huendelea siku kadhaa baada ya doa la mwisho kuondoka. Joto husaidia, kwani likipanda mzunguko huenda haraka na watoto hutoka mapema, na kwenye nyuzi 30 vimelea vingi hushindwa kuzaliana vizuri. Mtu wa Dar es Salaam mwezi Februari hahitaji hita kufika hapo. Wa Nairobi mwezi Julai, tangi lake lisipokuwa na hita, yuko chini ya 20, na kupandisha kufanyike polepole kwa siku mbili. Kumbuka tu kwamba maji ya moto hubeba oksijeni kidogo, ongeza mapovu.

Vipimo navyo. Pima urefu, upana na kina kwa sentimita, zidisha, gawanya kwa 1,000, unapata lita. Tangi la 60 kwa 30 kwa 35 ni lita 63 kwenye karatasi. Toa changarawe, mawe na vile vidole vitatu vya juu visivyojazwa, unabaki na hamsini na kitu. Kutia dawa ya lita 63 kwenye maji ya lita 50 ni kuzidisha kwa robo.

Chumvi, rangi mbili na dawa ya bluu

Yule aliyejibu "chumvi" hakukosea sana, japo kwa bahati. Gramu 1 hadi 3 kwa kila lita huwapunguzia samaki wengi wa maji baridi (yaani yasiyo ya bahari) kazi ya kupambana na maji yanayowaingia mwilini, na kwenye sumu ya nitriti ina faida ya wazi: kloridi iliyomo hugombania mlango uleule wa matamvua, nitriti ikaachwa nje. Dhidi ya amonia haifui dafu. Wanaosema chumvi yenye madini joto inaua samaki wanajitisha bure, kwani madini hayo ni kiasi kidogo mno. Ninachoonya ni kingine: maji hukauka lakini chumvi haikauki. Kila unapojazia maji yaliyopungua na kutia kijiko kingine, unatengeneza bahari.

Dawa ya bluu, yaani methilini bluu, ni nzuri kwa mayai yenye kuvu na kwa kumwogesha samaki pembeni. Ukiimwaga tangini inawaua bakteria wa kichujio, na umerudi siku ya kwanza. Beseni safi lenye pampu ya hewa linatosha kuwa wodi. Ile ya kijani, malakaiti, ni kali kwa madoa meupe, ila hushukiwa kusababisha saratani na imekatazwa kwa samaki wa kuliwa Ulaya na Marekani. Ibaki kwa samaki wa mapambo, uishike kwa glavu, na kamwe isiende kwenye bwawa la sato.

Kuhusu kapsuli za rangi mbili nina msimamo. Antibayotiki hupiga bakteria tu; madoa meupe si bakteria, amonia si bakteria. Tetrasaiklini, antibayotiki mojawapo, kwenye maji magumu, yaani yenye kalisi nyingi, hunaswa na kalisi hiyo, kiasi kikubwa kikapotea bure, na magumu ndiyo maji yanayopendwa na samaki wa Tanganyika. Kinachobaki hukiua kichujio, maji humwagwa kwenye mtaro, na bakteria walioionja dawa nusunusu wanatoka wamejifunza. Usugu wa dawa tunaoulalamikia hospitalini hauulizi ulianzia kwenye kidonda au kwenye tangi la sebuleni. Zipo hali zinazohitaji antibayotiki, lakini zipitie kwa daktari wa mifugo, dawa itolewe kwenye beseni la pembeni na kwa siku kamili.

Hali mojawapo ni ile "fangasi ya mdomo". Kuvu ya kweli ni kama pamba iliyochanuka, ndefu, laini, na kwa kawaida huota kwenye kidonda au nyama iliyokwisha kufa, kama ukungu kwenye mkate. Lakini utando mweupe wa kijivu mdomoni, au ulioukalia mgongo kama tandiko la punda, unaokula mwili ndani ya siku mbili, mara nyingi ni bakteria aitwaye Flavobacterium columnare. Huyu hupenda joto. Ukimpandishia nyuzi 30 ukidhani unatibu madoa meupe, umemwashia jiko.

Matumbo nayapitia haraka. Samaki wa dhahabu wa mviringo anayeelea tumbo juu baada ya kula mara nyingi kavimbiwa. Mfungishe siku mbili, kisha mpe njegere iliyochemshwa na kumenywa. Tropheus ni mla mwani mwenye utumbo mrefu, na vyakula vya nyama na mafuta mengi huandamana sana na tumbo lake kuvimba. Ila samaki aliyevimba mpaka magamba yakasimama kama ganda la nanasi, huyo mara nyingi figo zake zimeshindwa, na wachache sana hurudi.

Mikono yako pia

Maradhi mengi ya tangi hayampati binadamu. Mojawapo linalompata ni la Mycobacterium marinum, ndugu wa bakteria wa kifua kikuu, aliyetambuliwa mwaka 1926 kwa samaki wa akwariamu ya Philadelphia. Huingia kupitia mchubuko na kuacha uvimbe mgumu usiopona kidoleni au mkononi, kwani hustawi kwenye joto la nyuzi 30 hivi na sehemu za ndani za mwili zina joto mno kwake. Tiba yake ni ya miezi. Wengi huzungushwa na mafuta ya fangasi kwa sababu hawamwambii daktari kwamba wanafuga samaki. Mwambie. Na mwenye kidonda mkononi asiuchovye tangini, wala asinyonye mpira wa kutolea maji kwa mdomo.

Wiki saba baada ya usiku ule jirani alinipigia: mmoja wa wanne waliobaki magamba yamesimama, halili siku ya tano. Kwa hali hiyo natumia mafuta ya karafuu, yaleyale ya Pemba ambayo bibi zetu waliyapaka jino bovu. Yana yujenoli, inayolaza samaki kama nusukaputi, na ikizidishwa haamki tena. Nilitikisa matone kwenye chupa ya maji ya uvuguvugu mpaka yakawa kama maziwa, kwa sababu mafuta hayachanganyiki yenyewe, nikamimina kidogo kidogo kwenye bakuli. Jirani aliuliza kama anaumia. Samaki alizunguka mara mbili, akalala ubavu. Nikaongeza mengine, na matamvua yalipokoma tulimwacha humo nusu saa nyingine kabla ya kumfukia chini ya mpapai.

Asubuhi iliingia picha nyingine: kichupa cha kipimo kimenyanyuliwa dirishani, maji yake ya njano, na nyuma yake watatu wanagombea chakula.